Yoga kwa Mgongo Unaouma Kila Siku

Maumivu ya mgongo wa chini yakipita wiki 12 madaktari huyaita sugu, na hapo ndipo wagonjwa wengi huanza kutangatanga. Leo ni diklofenaki kutoka duka la dawa la mtaani, kesho mafuta ya kuchua, wiki ijayo mkanda wa kiuno. Mwisho wake ni picha ya eksirei ambayo daktari anaitazama na kusema haoni tatizo. Mgonjwa anarudi nyumbani na maumivu yale yale, na juu yake wasiwasi mpya kwamba watu watamwona mzushi.

Ninamwandikia mtu huyo. Ninamwandikia fundi cherehani anayeinamia mashine tangu asubuhi, dereva wa bodaboda, mama anayefagia uwanja kwa fagio la chelewa huku kiuno kimekunjwa, karani anayeshinda mbele ya kompyuta. Yoga inaweza kumsaidia, lakini kwa sharti moja: itumiwe kama dawa inavyotumiwa, yaani kwa kipimo, kwa ratiba, na kwa kuchagua kinachoufaa mgongo wake yeye. Yoga ya picha za kujikunja hadi mguu ufike nyuma ya shingo haimhusu hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya mgongo wa chini. Kwa wengi wao, kama tisa katika kila kumi, hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa na kipimo. Hilo halimaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni. Misuli imekaza, nyonga zimekakamaa, usingizi umepungua, na mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele. Mgongo wa namna hiyo ni kama mbwa mlinzi aliyewahi kuvamiwa na mwizi: sasa anabwekea hata jani likianguka. Ukimfungia ndani hatulii. Hutulia akizoeshwa kidogo kidogo kwamba uwanja ni salama. Ndiyo maana kulala kitandani siku nyingi, ushauri ambao wazee wetu na hata baadhi ya waganga hospitalini walikuwa wakiutoa, huuzidishia mgongo sugu udhaifu na woga.

Yoga hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huusogeza mgongo polepole, na huufundisha mwili kutulia kwa pumzi wakati unasogea. Pumzi inayotoka taratibu, kwa muda mrefu kuliko inavyoingia, hupunguza mwendo wa moyo na kulegeza misuli. Mazoezi mengine ya kunyoosha viungo nayo yanafaa, na tafiti zimewahi kuonyesha kwamba kwa mgongo yanakaribiana sana na yoga. Thamani ya yoga kwa mtu wa kipato cha kawaida ni kwamba inafanyika nyumbani, juu ya mkeka, bila mashine, na ukishajifunza ni yako.

Tusitie chumvi lakini. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema mgonjwa wa mgongo sugu aanze na tiba zisizo za vidonge, na yoga imo kwenye orodha hiyo. Mwaka huohuo ulitoka utafiti wa Boston uliofanywa kwa watu wazima 320, wengi wao wa kipato cha chini. Baada ya wiki 12, waliofanya yoga hawakuwa nyuma ya waliohudumiwa na wataalamu wa fiziotherapia, kwa maumivu wala kwa uwezo wa kufanya kazi. Lakini tafiti nyingi zikiwekwa pamoja, nafuu inayoonekana ni ya kadiri, si ya miujiza, na wapo wachache ambao maumivu yaliongezeka. Anayekuahidi kwamba yoga itafuta kila ugonjwa, kuanzia kisukari hadi saratani, mkwepe.

Yoga yenyewe ilizaliwa India, na wazo la kuitumia hospitalini si geni huko. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama mjini Lonavla, akaanza kuyapima mazoezi haya kwa vyombo vya maabara. Huko Mysore, na baadaye Chennai, T. Krishnamacharya alifundisha jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa tiba hii: zoezi lifuate mwili wa mgonjwa, mwili usilazimishwe kulifuata zoezi. Mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 akakua akiandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, aliliendeleza kwa vitendo mjini Pune. Alitumia viti, mikanda, mablanketi na kamba ili hata mwenye viungo vigumu apate faida ya zoezi bila kuumia. Kitabu chake cha mwaka 1966 kiliieneza yoga duniani kote, ila watu wengi walizikumbuka picha zake wakasahau viti vyake.

Najua kuna msomaji anayesita kwa ajili ya dini, na kusita kwake ni kwa haki. Yoga ilikulia ndani ya mila za ibada za India. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mazoezi na nyimbo za ibada. Kwa upande mwingine, Saudi Arabia iliitambua kama mchezo wa mazoezi mwaka 2017, baada ya juhudi za mwalimu wa Jeddah, Nouf Marwaai, mwanamke aliyeishi na ugonjwa wa kinga ya mwili. Mazoezi nitakayoyaeleza hapa hayana wimbo, hayana sanamu, hayana maneno ya kutamka. Ni kunyoosha viungo na kupumua. Ukibaki na shaka, muulize kiongozi wako wa dini, na usifanye kitu ambacho moyo wako unakipinga, kwa sababu mwili wenye wasiwasi haulegei.

Hospitali kwanza

Kabla ya kutandika mkeka, hakikisha mgongo wako si wa wale wachache wenye ugonjwa mwingine. Nenda hospitali leo, usisubiri kesho, kama umepoteza hisia sehemu za siri au mapajani kwa ndani, kama mkojo au choo vimekuwa vigumu kuvizuia au kuvitoa, au kama mguu unazidi kukosa nguvu. Hiyo ni dharura. Nenda pia kama maumivu yalianza baada ya ajali au kuanguka, au kama umewahi kuugua saratani.

Kwetu Afrika Mashariki ninasisitiza jambo moja ambalo miongozo ya ng'ambo hulitaja kwa kupita tu: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kinaweza kumpata mtu asiyekohoa kabisa. Ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, au ukiona uvimbe kwenye uti, na hasa kama unaishi na VVU au umekaa na mgonjwa wa kifua kikuu, kapimwe. Kinatibika kwa dawa, lakini kikicheleweshwa huharibu pingili na kupoozesha miguu. Hakuna zoezi litakalokiponya.

Mjamzito ashauriane na mkunga wake. Miezi ikisonga, asilale kifudifudi wala asikae chali kwa muda mrefu. Mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho asifanye zoezi linaloweka kichwa chini ya moyo. Mzee aliyeambiwa kwamba mifupa yake ni dhaifu asiukunje mgongo kwa nguvu kwenda mbele. Na dawa za daktari zisiachwe kwa sababu umeanza yoga. Kitu kinachofaa kupungua, kwa ushauri wa daktari, ni zile diklofenaki za kujinunulia, ambazo zikizidi huumiza tumbo na figo.

Ujue mgongo wako ni wa aina gani

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanachukua mpangilio wa video yoyote na kuufuata mwanzo hadi mwisho. Jiulize kwanza: maumivu huzidi lini?

Kama huzidi ukikaa au ukiinama, na hupungua ukisimama na kutembea, mgongo wako kwa kawaida hupenda kunyooshwa kwenda nyuma. Madereva na mafundi cherehani wengi wako hapa. Kama huzidi ukisimama au ukitembea, na hupungua mara tu unapokaa au kuinama kidogo, jambo linaloonekana zaidi kwa watu wa makamo na wazee, mgongo wako hupenda kukunjwa taratibu kwenda mbele. Ukiona haumo kundi lolote, fanya mazoezi yote kwa kiasi kidogo uone lipi linakupa nafuu.

Alama nyingine ya kuongozea ni safari ya maumivu. Zoezi likiyatoa mguuni na kuyarudisha kiunoni, hata kama kiunoni yanauma kidogo zaidi, liko kwenye njia nzuri. Zoezi likiyateremsha kutoka kiunoni kwenda gotini au unyayoni, liache siku hiyohiyo. Na yapime maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10: hadi 3 ukiwa unafanya ni sawa, ilimradi kesho yake asubuhi yasiwe yamepanda.

Vifaa na mazoezi

Unahitaji mkeka au jamvi lenye blanketi juu yake, kiti cha plastiki, mto, na kanga moja. Kanga, ambayo Wakenya wa pwani huiita leso, inafanya kazi ileile ya mikanda aliyoitumia Iyengar. Usifanye ukiwa umeshiba. Acha saa mbili au tatu baada ya mlo. Wengi wanaona jioni ni nzuri, kwa kuwa asubuhi mgongo huwa mgumu zaidi.

Anza kwa kulala chali, miguu kuanzia magotini kwenda chini ikiegemea juu ya kiti, mapaja yakiwa wima. Weka mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu taratibu hadi 4, tumbo liinuke, kisha itoe ukihesabu hadi 6. Ukiona 6 inakubana, anza na 3 kwa 4. Usibane pumzi mahali popote. Kaa hapo dakika tano. Watu huliruka zoezi hili kwa kuwa halionekani kama zoezi, nami ningeambiwa nichague moja tu kati ya yote ningelichagua hili. Legeza taya, legeza mabega, acha sakafu ibebe uzito wa kiuno. Ukiweza kupumua hivi hapa, utaweza kupumua hivi ukiwa na maumivu kwenye foleni ya magari.

Kisha piga magoti na viganja kama mtoto anayetambaa, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Ukitoa pumzi, upinde mgongo juu kama paka anayejinyoosha, kidevu kikielekea kifuani. Ukivuta pumzi, liachie tumbo lishuke na kifua kifunguke. Rudia mara nane hadi kumi, polepole, pumzi ikitangulia na mgongo ukifuata. Magoti yakiuma, kunja blanketi uliweke chini yake. Mwenye viganja vinavyouma afanye akiwa ameketi kwenye kiti, mikono juu ya mapaja.

Rudi chali. Kunja goti moja, unyayo ukiwa chini. Pitisha kanga chini ya unyayo wa mguu mwingine, uinue mguu huo kuelekea dari huku umeshika ncha za kanga. Goti si lazima linyooke. Unatafuta mvuto wa wastani nyuma ya paja, si zaidi. Pumua mara sita hivi, badilisha. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza huvuta nyonga, na nyonga huvuta kiuno, hivyo zoezi hili lina faida kuliko linavyoonekana. Ukihisi kitu kama shoti ya umeme kushuka mguuni, huo ni mshipa wa fahamu unaovutwa: shusha mguu, kunja goti zaidi, au liache kwa wiki hiyo.

Ukiwa bado chali, kunja magoti yote mawili, nyayo zikiwa chini kwa upana wa nyonga. Toa pumzi, sukuma nyayo, inua makalio kidogo kutoka mkekani. Vuta pumzi ukiwa juu, kisha teremka polepole. Mara sita zinatosha mwanzoni. Kazi ifanywe na makalio na mapaja. Ukihisi inafanywa na kiuno, umepanda juu mno.

Sasa kila mgongo ushike njia yake. Mwenye mgongo unaopenda kwenda nyuma alale kifudifudi, aegemee viwiko vilivyo chini ya mabega, kifua kiinuke, makalio yalegee. Akae hapo pumzi tano, apumzike, arudie mara tatu. Dereva anaweza kufanya toleo la kusimama: mikono kiunoni, kujinyoosha nyuma kidogo mara tano, kila anaposhuka kwenye pikipiki au gari. Mwenye mgongo unaopenda kwenda mbele aliruke hilo kabisa. Badala yake apige magoti, akalie visigino, ainame taratibu na kulaza kifua juu ya mto uliowekwa mapajani, paji la uso likiegemea mikono au mto. Apumue kuelekea mgongoni mara nane hadi kumi. Kama magoti hayakubali, aketi kwenye kiti na kuinamia meza iliyo na mto.

Malizia ukiwa umesimama mbele ya ukuta. Weka viganja ukutani usawa wa kiuno, rudi nyuma hatua hadi mikono na mgongo vinyooke kama meza, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Sukuma ukuta, rudisha nyonga nyuma, pumua mara tano. Halafu lala tena na miguu juu ya kiti, jifunike kanga, utulie dakika tano bila simu karibu. Usiinuke kwa kukunja tumbo. Geuka ubavu kwanza, sukuma kwa mikono, ndipo uketi. Na hivyo ndivyo utakavyoamka kitandani kila siku kuanzia sasa.

Yote hayo huchukua dakika 25 hivi.

Kipimo cha dawa

Fanya mara tano kwa wiki, kwa wiki 12. Siku ambayo maumivu yamekuwa makali, fanya pumzi na paka peke yake, lakini usiiache ikapita mikono mitupu. Wiki mbili za kwanza ni za kujifunza tu, wala usitarajie mengi. Mara nyingi kinachobadilika mwanzo ni usingizi na woga, si maumivu. Unainama kuchukua ndoo bila kujiandaa kama unaingia vitani, na hiyo ni dalili njema.

Weka daftari. Kila Jumapili andika namba ya maumivu yako, na andika kazi moja unayotaka kuiweza: kukaa msibani saa mbili, kubeba mtoto, kushona shati zima bila kuinuka. Mtu huzisahau hatua ndogo, na wengi huacha wiki ya nne wakidhani hakuna kilichobadilika, kumbe daftari lingewaambia wametoka 7 wakafika 5.

Dakika 25 haziwezi kushindana na saa 10 za kukaa vibaya. Fundi ainue mashine au ashushe kiti hadi asilazimike kuinamisha kiuno, na ainuke kila nusu saa, hata kama ni kwa kwenda mlangoni na kurudi. Fagio la chelewa lifungwe kwenye mpini mrefu. Sijaona sababu ya mwanamke kukunja mgongo mara mbili ili uwanja uwe safi. Maji yabebwe ndoo mbili ndogo badala ya moja kubwa, panapowezekana.

Ukipata nafasi ya kujifunza kwa mwalimu, hata mara chache, itumie. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo imewafundisha vijana wengi kuwa walimu, na miji mingine mikubwa ya Afrika Mashariki ina madarasa yake. Mpime mwalimu kwa swali lake la kwanza. Anayekuuliza una ugonjwa gani, unatumia dawa gani na mgongo huuma lini, huyo msikilize. Anayekusukuma mgongo kwa mikono yake ili ushuke zaidi, au anayesema maumivu makali ni dalili ya kupona, ondoka darasani hata kama umeshalipa. Na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa au ya rufaa, kama unaweza kumfikia, anafaa kuliko mwalimu yeyote wa yoga kwa mgongo wenye maumivu ya mguuni.

Wiki 12 zikiisha, fungua daftari. Kama namba imeshuka, punguza hadi mara tatu kwa wiki na uendelee. Mazoezi haya hayana mwisho, kama ilivyo kwa kupiga mswaki. Kama haikushuka hata kidogo, usijilaumu na usihamie kwa mganga mwingine gizani: rudi kwa daktari na daftari hilo mkononi, umwombe akupime upya.

Basi chukua kalamu sasa hivi, andika tarehe ya leo na namba ya maumivu yako, kisha jioni hii utandike mkeka.